UFUNDI KIJIJINI: Gari Kuukuu na Oili Yake



Katika vijiji vingi gari ni moja tu. Mara nyingi ni gari kuukuu, Land Rover au pikapu ya zamani. Gari hilo hubeba mahindi kwenda sokoni. Hubeba saruji ya kujengea shule. Usiku hubeba mama mjamzito kwenda hospitali. Injini ya gari hilo ikifa, hasara si ya mwenye gari peke yake. Ni hasara ya kijiji kizima.

Injini nyingi haziuawi na uzee. Zinauawa na oili chafu, au kwa kukosa oili. Mwezi huu tujifunze kutunza oili ya gari kuukuu.

Kazi ya oili

Ndani ya injini, vyuma vinapitana kwa kasi kubwa. Oili inakaa katikati yake ili visisagane. Pia oili inapunguza joto, inazuia kutu, na inabeba uchafu. Uchafu huo ni masizi, vumbi na chembe za chuma.

Kwa kuwa inabeba uchafu, oili yenyewe inachafuka na nguvu yake inakwisha. Ndiyo maana haitoshi kuongeza oili tu. Ukitia kata moja ya maji safi katika ndoo ya maji machafu, je, maji hayo yatanyweka? Hayatanyweka. Oili ya zamani lazima imwagwe yote.

Pima kila asubuhi

Simamisha gari mahali tambarare. Pima kabla ya kuwasha injini. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Kifute kwa kitambaa safi. Kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza. Lakini usipite alama ya juu. Oili ikizidi, inapigwa na vyuma vinavyozunguka na kuwa povu. Povu halilindi chuma.

Tazama na rangi yake. Oili nyeusi katika injini ya dizeli si ajabu. Imebeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Lakini ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Usiwashe gari. Mwite fundi. Ukiona chembe zinazong'aa, vyuma vinalika. Mwite fundi pia.

Oili imwagwe lini?

Fuata kitabu cha gari. Kama kitabu kimepotea, kwa gari kuukuu la barabara za vumbi shika kipimo hiki: kila kilomita 3,000, au kila miezi 6. Kinachotangulia ndicho kifuatwe.

Pengine utasema, "Mita ya kilomita ilikufa zamani." Basi tumia daftari. Sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Tuseme safari ya mnadani, kwenda na kurudi, ni kilomita 60. Gari huenda mara 2 kwa wiki. Hizo ni kilomita 120 kwa wiki. Gawa 3,000 kwa 120. Utapata wiki 25. Andika tarehe uliyomwaga oili, na tarehe ya kumwaga tena. Kila safari nyingine iandikwe pia, maana itaileta tarehe hiyo karibu zaidi.

Namna ya kumwaga

1. Soma kopo kabla ya kununua. Tafuta namba ambayo kitabu au fundi amekuambia, kama vile 20W-50 au 15W-40. Hakikisha kizibo hakijafunguliwa.

2. Washa injini dakika chache ipate joto kidogo, kisha izime. Oili yenye joto hutoka pamoja na uchafu. Isiwe ya moto sana, itakuunguza.

3. Zuia matairi kwa mawe. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ikiteleza, mtu atakufa.

4. Weka karai chini. Fungua nati ya kutolea oili kwa spana. Ngoja mpaka itoke yote.

5. Badili chujio la oili. Paka oili mpya kwenye mpira wa chujio.

6. Rudisha nati na uikaze. Mimina oili mpya kwa kipimo. Land Rover ya zamani yenye injini ya lita 2.25 hunywa lita 6, na chujio lake karibu lita 1 zaidi.

7. Washa injini. Taa ya oili lazima izimike upesi. Isipozimika, zima injini mara moja. Ikizimika, tazama chini kama kuna mvujo. Zima injini, ngoja dakika 5, kisha pima tena.

Usioshe injini kwa mafuta ya taa

Wako watu wanaomimina mafuta ya taa ndani ya injini, kisha wanaiwasha ili "ijisafishe". Katika gari kuukuu hii ni hatari. Mafuta ya taa ni mepesi, hayawezi kulinda vyuma. Tena yanabandua tope la zamani kwa mabonge. Mabonge hayo yanaziba chujio la pampu ya oili. Oili haipandi, na injini inanoki.

Kama injini ina tope, isafishe polepole. Tia oili mpya nzuri na chujio jipya. Baada ya kilomita 1,000, mwaga tena. Rudia hivyo mara mbili au tatu. Utatumia fedha, lakini fedha hiyo ni ndogo kuliko bei ya injini. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Oili chafu ni sumu

Usiimwage shambani, kisimani wala mtoni. Usipake kidonda wala ngozi. Ikikugusa kila mara, inaweza kuleta saratani ya ngozi. Nawa kwa sabuni. Oili chafu itie katika dumu lenye kifuniko na kuandika juu yake: OILI CHAFU. Weka mbali na watoto, kisha uipeleke kwa watu wanaoikusanya mjini.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini haitoshi kuongeza oili tu?
2. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, utafanya nini?
3. Gari la kijijini kwenu huenda kilomita ngapi kwa wiki? Oili yake imwagwe baada ya wiki ngapi?
4. Nani katika kikundi chenu atashika daftari la gari?

Mwezi ujao tutajifunza kusafisha chujio la hewa. Kazi njema, ndugu msomaji.