Maji ya alkalaini hayatibu saratani, tusidanganyane

Leo mishono na vitenge vikae pembeni kidogo. Kuna biashara imeingia kwenye vikoba vyetu huku Buhongwa, biashara ya maji ya alkalaini, na kama haijafika Unguja na Pemba basi iko kwenye boti inakuja. Mimi mwenyewe ni mfanyabiashara, siwezi kumchukia mtu kwa sababu anauza. Lakini kuna kuuza, na kuna kutisha watu ili wanunue. Hii ya pili ndiyo imenikalisha kuandika.

Inavyokwenda ni hivi. Anakuja dada amependeza, ana begi dogo, anaomba dakika kumi kabla ya kikao. Anapanga glasi tatu: maji ya bomba, soda, na maji yake. Anadondosha dawa ya rangi. Soda inakuwa njano, maji ya bomba yanakuwa kijani, ya kwake yanakuwa ya zambarau mazuri. Kisha anasema ile njano ndiyo iliyomo kwenye damu zetu, na kwamba asidi hiyo ndiyo mama wa saratani, kisukari, presha, vidonda vya tumbo, hata kutoshika mimba. Chupa yenye vijiwe ndani ni laki moja na themanini. Mashine ni mamilioni, ila unaweza kulipa kidogo kidogo ukileta wenzako watatu.

Wengine wana kifaa chenye vyuma viwili cha kuchomeka kwenye umeme. Wakikitumbukiza kwenye maji ya bomba yanageuka kahawia kama tope, kina mama wanashika vinywa. Wakikitumbukiza kwenye maji yao, yanabaki meupe. Jamani, ile kahawia ni kutu ya vyuma vyenyewe. Maji ya bomba yana madini kidogo, kwa hiyo umeme unapita na chuma kinaliwa. Maji yaliyochujwa madini yote hayapitishi umeme vizuri, ndiyo maana hayabadiliki. Mwombe atie chumvi kidogo kwenye glasi yake halafu arudie, uone kama atakubali.

Hiyo pH wanayoitaja ni kipimo tu cha asidi, kuanzia 0 hadi 14. Katikati ni 7. Chini ya hapo ni asidi, juu yake ni alkali, na kila hatua moja ni mara kumi ya iliyotangulia. Maji ya bomba yanatakiwa yawe kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya mvua safi tunayokinga kwenye mabati yako kwenye 5.6 hivi, yaani yana asidi kidogo, na bibi zetu waliyanywa wakazeeka nayo. Shirika la Afya Duniani lenyewe halijaweka kiwango cha pH kwa ajili ya afya ya mnywaji. Linaijali kwa sababu nyingine: maji yenye asidi nyingi hula mabomba na yanaweza kubeba shaba na risasi, na maji yenye alkali nyingi hudhoofisha klorini.

Sasa turudi mwilini. Tumboni mwako kuna asidi kali, pH yake 1.5 hadi 3.5, karibu na ndimu. Mungu ndiye aliyeiweka, haikuingia kwa bahati mbaya. Glasi ya maji ya alkalaini ikishuka humo, alkali yake inaishia humo humo. Na damu? Damu inakaa 7.35 hadi 7.45, usiku na mchana, umekula ugali na dagaa au umekula tikiti. Mapafu yanatoa hewa ya kaboni, figo zinatoa asidi iliyozidi kwenye mkojo. Kwa hiyo wanapokupimia mkojo na kakaratasi na kukuambia "una asidi", wanachokuonyesha ni figo zako zinafanya kazi. Mtu ambaye damu yake imekuwa na asidi kweli, kwa mfano mwenye kisukari kilichomzidi, yuko wodini amewekewa dripu. Hayuko kwenye kikoba anasubiri mgawo.

Tena kuna jambo wanaouza hawalisemi. Asidi ya tumbo ni askari. Vijidudu vya kipindupindu vinakufa kwa wingi vikikutana nayo, na mtu ambaye asidi yake imepungua anapata kipindupindu kwa urahisi zaidi. Basi wachague. Kama maji yao hayaibadilishi asidi ya tumbo, tunalipia nini? Na kama yanaibadilisha, wanatuondolea mlinzi, sisi tunaoishi kando ya ziwa! Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilifika huku Mwanza, kikavuka bahari kikafika na kwenu Zanzibar. Hakikumuuliza mtu pH yake.

Vidonda vya tumbo vinawauzia sana, maana nusu ya wateja wangu wanalalamika tumbo. Ila siku hizi tunajua vingi vinaletwa na bakteria, na vingine na dawa za maumivu tunazomeza kama karanga. Daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa hao bakteria mwenyewe mwaka 1984 ili aaminiwe, akaugua tumbo, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobeli. Dawa ni kupima, kisha antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa muda anaokuambia daktari.

Na kama alkali ingekuwa tiba, watu wa pembezoni mwa Mlima Meru wangekuwa na afya kuliko sisi wote. Kule, na kwenye bonde lote la ufa, maji mengi ya ardhini ni ya alkali ya asili, bila mashine wala vijiwe. Maji ya namna hiyo ndiyo mara nyingi yanabeba floraidi nyingi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na huko kuna visima vinavyozidi hapo mbali sana. Mmewaona ndugu zetu wenye meno ya kahawia? Ni hayo maji, na wengine yamewapinda mifupa. Sisemi pH ndiyo iliyowafanya hivyo, ni floraidi. Nasema kwamba namba kubwa ya pH haikuambii kama maji ni salama.

Kinachotuumiza huku ni vitu vya kawaida kabisa: choo kilichochimbwa karibu na kisima, ndoo isiyo na mfuniko, kikombe kimoja cha kuchotea kila mtu. Chanzo cha Butimba kimejengwa kutoa lita milioni 48 kwa siku na Buhongwa imo kwenye mgao, lakini siku bomba likikauka tunarudi kwenye visima na maboza. Maji machafu yaache yatuame, chuja kwa kitambaa safi, chemsha mpaka yatokote hasa, yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Ukitumia vidonge vya klorini soma pakiti, usubiri nusu saa. Klorini hiyo hufanya kazi vizuri zaidi pH ikiwa chini ya 8.

Nimebakiza saratani, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Wanamtaja Mjerumani Otto Warburg, eti alipata Nobeli mwaka 1931 kwa kugundua kuwa asidi inaleta saratani. Nobeli ile alipewa kwa kazi ya vimeng'enya vya kupumua kwa seli. Aliona pia kuwa seli za saratani zinatumia sukari kwa namna inayotoa asidi. Yaani uvimbe ndio unaotengeneza asidi, na maji unayokunywa hayaufikii. Mmarekani aliyeeneza zaidi mafundisho haya, Robert O. Young, alitiwa hatiani California mwaka 2016 kwa kutibu watu bila leseni, akafungwa. Mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama lilimpa mwanamke mwenye saratani ya titi, aliyekuwa amemfuata yeye badala ya hospitali, fidia ya dola milioni 105. Wanaotuletea begi huku hawatuambii hayo.

Mteja wangu mmoja alikuja kupunguza magauni manne mfululizo. Nilipompima kifua alishtuka, akaniambia ana kivimbe kwenye titi, ila anakunywa maji ya alkalaini mwezi wa saba sasa na muuzaji amemwambia asikubali kukatwa kinyama, saratani itasambaa. Kukatwa kinyama hakusambazi saratani, ndiyo njia ya kujua ni nini. Nilifunga duka tukapanda daladala mimi na yeye mpaka hospitali. Sasa hivi yuko kwenye matibabu, na daktari amemwambia wazi kuwa miezi ile saba ilikuwa na thamani. Ile chupa ya laki moja na themanini bado anaidaiwa kwenye kikoba.