Kindu: Pedali ya breki inayozama haifai kuzoewa

Ukipanda gari ya zamani hapa Kindu, angalia mguu wa dereva. Kabla ya kufika njiapanda ataanza kukanyaga pedali ya breki mara mbili, mara tatu, haraka haraka, kama mhunzi anayevuta mivukuto. Mara ya kwanza pedali inazama karibu na sakafu. Mara ya tatu inapanda, gari inasimama. Ukimuuliza, atakujibu bila wasiwasi: "Hii gari nimeshaizoea."

Nami nilikuwa hivyo kwa karibu mwaka mzima. Jeep yangu ni mzee, ina diski mbele na ngoma nyuma, kama magari mengi yanayotembea Kasuku na Mikelenge. Siku moja nilikuwa ninateremka ukingoni kungoja kivuko cha kwenda Alunguli. Wasomaji wa mbali wajue kwamba mto unaukata mji wetu vipande viwili na daraja hakuna. Udongo ulikuwa umelowa, watu wamejaa na mizigo yao. Nikakanyaga, pedali ikashuka mpaka chini. Nikakanyaga tena, na tena. Gari iliposimama, mama mmoja alikuwa ameshatupa beseni lake na kukimbia. Hakunitukana. Aliniangalia tu, akarudi kuokota mihogo yake.

Tangu siku hiyo sikubali tena mtu aniambie kwamba kupampu breki ni ujuzi wa dereva. Gari inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Sekunde moja unayotumia kuipandisha pedali ni mita 11 ambazo gari bado inakimbia, na mtoto anayevuka barabara hazijui hesabu hizo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tatizo lenyewe mara nyingi ni dogo. Fundi wa kwanza alifungua boneti, akaongeza mafuta ya breki, akapokea pesa. Wa pili akakaza waya wa breki ya mkono. Pedali ikabaki chini vilevile. Wa tatu, mzee mmoja asiye na kibao mlangoni, hakugusa kitu. Alisimamisha gari mahali tambarare, akanituma nivute breki ya mkono, kisha nikanyage pedali. Ikasimama juu, ngumu kama jiwe. Akasema: "Nafasi iko nyuma, kwenye ngoma."

Maana yake ni hii. Ndani ya ngoma, viatu vya breki vinalika kadiri gari inavyotembea, na nafasi kati yao na ngoma inaongezeka. Nafasi nyembamba kama kucha, huku kwenye pedali inageuka sentimita kadhaa. Magari mengi yana kifaa kidogo kinachosogeza viatu vyenyewe, lakini vumbi na tope la barabara zetu vinakigandisha. Na yule aliyekaza waya wa breki ya mkono alizidisha ubaya: waya ukivutwa mno, viatu havirudi mahali pake pa kupumzikia, na kifaa kile hakifanyi kazi tena. Mzee alilegeza waya kwanza, akafungua ngoma, akasafisha, akakaza viatu mpaka gurudumu likaanza kukwaruza, kisha akarudisha nyuma kidogo. Waya wa breki ya mkono alikuja kuukaza mwishoni kabisa.

Si kila pedali inayozama ina ugonjwa huo. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa kwenye mabomba, na hewa hutolewa gurudumu kwa gurudumu, kwa kawaida kuanzia lile lililo mbali zaidi na silinda kuu. Ukiikanyaga kwa uzito mmoja nayo ikaendelea kushuka polepole, hata kama mafuta hayavuji nje, mipira ya ndani ya silinda kuu imekwisha. Hapo usiende popote. Mzee alinifundisha pia kwamba wakati wa kutoa hewa kwenye gari ya zamani unaweka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni, kwa sababu mipira ikipelekwa sehemu ya silinda yenye kutu ambayo haijaguswa kwa miaka, inachanika.

Kuhusu mafuta, nitasema wazi ingawa wengine watanuna. Kuna garaje ambapo mafuta ya breki yakikosekana wanamimina mafuta ya injini, au maji yenye sabuni. Najua vipuri vinachelewa kufika Maniema, kwa treni, kwa ndege au kwa mto. Lakini mafuta ya injini yanavimbisha mipira ya breki yote, na utabadilisha kila kitu badala ya chupa moja. Hata yale mazuri yana mwisho, maana yananyonya unyevu wa hewa, na unyevu huku kwetu haukosekani. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi kinachotumika kwenye vipimo, huchemka kwenye 140. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke haubani breki.

Nchi yetu ina sheria ya barabarani tangu tarehe 30 Agosti 1978. Gari ikisimamishwa tunaombwa karatasi, tunatoa karatasi. Ningependa pia tuombwe kitu kimoja kisicho na gharama: gari ikiwa imesimama, dereva akanyage pedali mara moja tu, na aliye nje aangalie imeishia wapi. Inayofika karibu na sakafu iende kwa fundi kabla ya kupakia abiria. Na abiria nao wasione haya kumwambia dereva anayepampu awashushe.

Wiki iliyopita niliteremka tena kwenye kivuko. Pedali ilisimama juu kwa mkanyago mmoja. Kijana ninayetembea naye aliruka chini na kigogo chake cha kuzuilia gurudumu, kama tulivyozoea. Aliniuliza kama bado kinahitajika. Nikamwambia akiweke.