Mchango wa Paka

Mwezi uliopita hapa Rungwe Mpya paka aliyeokotwa na bibi mmoja mjane aligongwa na pikipiki, akavunjika mguu. Tulipochangisha baada ya ibada, wengine walinung'unika: "Mchango wa paka?" Tukawajibu: paka huyo ndiye mlinzi wa mahindi ya bibi. Panya wakiyamaliza, tutamchangia bibi chakula. Fedha za kumleta bwana mifugo zikapatikana.

Kumbukeni: paka aliyeumia asipewe Panadol, hata kipande, humwua. Akikung'ata, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.

Jioni, someni Mithali 12:10 pamoja na watoto.