Hesabu za methadoni

Mraibu wa unga (heroini) wa Kona ya Musa, Kwale, aliyeamua kuacha hupanda matatu hadi kliniki ya Kombani, akanywa methadoni, dawa ya kutuliza uraibu huo, mbele ya mhudumu. Kesho tena, na nauli ni yake.

Huduma hii ilibebwa sana na wafadhili wa kigeni. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada, na mzigo ukaanza kuelekea kwa serikali zetu. Basi pesa za umma zikaguliwe kiumma. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015 inamruhusu Mkaguzi Mkuu wa Kenya, Nancy Gathungu, kupima ufanisi, si risiti tu. (Risiti, tunajua, hupatikana hata pasipo dawa.)

Atuambie: walioanza ni wangapi, na baada ya mwaka ni wangapi bado wanafika Kombani?