Mwanafunzi wa mazoezi si kuli wa bure

Kila mwaka vyuo vinapofunga mihula ya masomo, wanafunzi hutawanyika na barua mkononi kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wanavyoita wenyewe. Kwa Dar es Salaam, baadhi yao hubisha hodi kwa makandarasi wa kuzoa taka na kusafisha mazingira. Wapo wa uhandisi wa mazingira kutoka Chuo Kikuu Ardhi, na wapo wa uhasibu kutoka Chuo cha Elimu ya Biashara. Mkandarasi huwapokea haraka kwa sababu moja tu: hatawalipa. Ukurasa huu unashauri asifurahie mapema, kwa kuwa hapo ndipo anapojipunja.

Tazama kinachotokea. Mwanafunzi mmoja hupewa meza na kazi ya kutoa fotokopi hadi wiki zake ziishe. Mwingine hupandishwa juu ya lori awe utingo, hana glovu wala buti, wakati kila mzoaji anajua kwamba ndani ya taka za majumbani zimo chupa zilizovunjika, na mara nyingine sindano. Chuo kinapata ripoti yenye muhuri, kampuni inapata mikono miwili ya bure, na biashara inabaki pale pale ilipokuwa.

Ili kuelewa kinachopotea hapo, ni lazima kuelewa jinsi biashara hii inavyoingiza fedha. Mwaka 1994 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikabidhi kampuni moja binafsi kazi ya kuzoa taka katika kata 10 za katikati ya jiji. Baadaye kazi ikagawanywa kwa makampuni mengine na vikundi vya wananchi. Tatizo lililojitokeza tangu mwanzo halikuwa taka, kwani taka zilikuwepo tele. Tatizo lilikuwa kukusanya ada kutoka kwa watu waliozoea kuona huduma hiyo ni ya bure. Mkandarasi alikuwa na malori, lakini hakuwa na orodha ya kuaminika ya nani anatoa taka, nani amelipa na nani anakwepa.

Umbali nao umezidi kula faida. Tabata palikuwa dampo hadi wakazi walipokwenda mahakamani katika miaka ya 1980. Likafuata la Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi, mwendo wa zaidi ya kilometa 20 kutoka Kariakoo. Kila dampo linaposogea, dizeli inaongezeka na safari za lori kwa siku zinapungua, lakini ada ya nyumba haipandi kwa sababu hiyo.

Tuchukue mfano wa hesabu za kukisia. Mkandarasi mdogo amepewa mtaa wenye nyumba 1,500, ada Sh. 2,000 kwa mwezi. Wote wakilipa atapata Sh. 3,000,000. Lakini wanaolipa ni 900, kwa hiyo mkononi ana Sh. 1,800,000. Lori linakwenda dampo mara 26 kwa mwezi, na kila safari inakula dizeli ya Sh. 60,000, jumla Sh. 1,560,000. Kinachobaki ni Sh. 240,000, na hapo dereva, wazoaji na matairi bado havijaguswa. Mtu huyu anakula mtaji wake bila kujua, na siku lori litakapokufa injini atasema biashara ya taka hailipi.

Sasa mpe mwanafunzi wa uhasibu daftari, kalamu na mwongozaji kutoka ofisi ya serikali ya mtaa. Apite nyumba kwa nyumba, aandike namba ya nyumba, jina la mlipaji na tarehe ya risiti ya mwisho. Mwanafunzi wa mazingira naye akae na dereva, aandike saa ya kutoka, saa ya kufika dampo, muda wa foleni, uzito au ujazo wa mzigo na lita zilizotumika. Orodha hiyo ikirudisha nyumba 200 tu katika kulipa, ni Sh. 400,000 kila mwezi. Kumlipa kijana Sh. 150,000 kwa mwezi, nauli na chakula cha mchana, pamoja na kumnunulia buti na glovu, si sadaka. Ni matumizi ya biashara yanayorudi.

Wapo makandarasi watakaosema kwamba mwanafunzi akizijua hesabu atazipeleka kwa mshindani. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni mkataba wa ukurasa mmoja wa kutunza siri, uliosainiwa kabla hajafungua daftari. Lakini tuulizane: mkandarasi asiyejua lori lake linatumia lita ngapi ana siri gani ya kuibiwa? Wengine watasema wiki nane hazitoshi kumfundisha mtu kazi. Kweli hazitoshi kumfanya meneja. Zinatosha kabisa kuhesabu nyumba za mtaa mmoja.

Vyuo navyo visikwepe. Mwalimu anayekwenda kumkagua mwanafunzi asiridhike na muhuri. Aombe kuona kazi iliyofanyika, na akimkuta juu ya taka bila vifaa vya kinga, amwondoe siku hiyo hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu. Halmashauri inayotangaza zabuni inaweza basi kumtaka mwombaji aonyeshe kumbukumbu za safari na za makusanyo, badala ya kuridhika na kadi ya lori na barua ya benki. Hapo mwanafunzi ataacha kuwa mgeni wa ofisi. Atakuwa mtu wa lazima.

Neno la mwisho ni kwa wenye akiba ndogo, wanaoombwa kuchangia ununuzi wa tipa la tatu au la nne kwa ahadi ya gawio kila mwezi. Kabla ya kutoa fedha, usianze kwa kulikagua lori. Omba kitabu cha safari na orodha ya walipaji wa miezi mitatu iliyopita. Ukionyeshwa, kaa chini upige hesabu. Ukiambiwa vinatengenezwa, subiri vikamilike, na fedha yako isubiri nawe.