NYONGA ILIYOKWISHA SI UVIVU WA MFANYAKAZI



Kila mmoja wetu anamjua mtu huyu. Amebeba magunia miaka ishirini, au amekata miwa tangu ujana wake, au amesimama juu ya sakafu ya saruji ya kiwanda zamu baada ya zamu. Alianza kwa kulalamika maumivu ya kinena yanayoshuka mpaka gotini. Kisha akaanza kuchechemea. Baadaye akashindwa kuinama kufunga kamba za viatu, na usiku akawa hapati usingizi. Mnyapara akasema ni mvivu. Majirani wakasema amerogwa. Mwenye shamba akasema ni uzee, akampa barua ya kumwachisha kazi na kiinua mgongo kidogo cha kumfikisha kijijini kwake.

Sisi tulimsindikiza mmoja wa watu hao hospitali. Alikuwa mchukuzi wa magunia, umri wake miaka arobaini na minane. Picha ya eksirei ilipotoka, daktari aliiweka kwenye mwanga akatuonyesha. Mwenzetu hakuwa mvivu, hakurogwa, wala hakuwa mzee. Kiungo cha nyonga yake kilikuwa kimekwisha kama beringi ya mashine iliyokosa grisi. Daktari akaongeza jambo lililotushangaza: kiungo hicho huweza kutolewa na kuwekwa kingine, na kazi hiyo inafanyika duniani kwa zaidi ya miaka sitini.

Tunaandika haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mfanyakazi aijue tiba hiyo na ajue atarajie nini. Ya pili ni kusema wazi kwamba nyonga iliyokwishia kazini ni deni la kazi. Si haki deni hilo walilipe mgonjwa na jamaa zake peke yao.

KIUNGO KINAVYOKWISHA

Nyonga ni mpira ndani ya kikombe. Mpira ni kichwa cha mfupa wa paja, na kikombe kimo ndani ya mfupa wa kiuno. Vyote viwili vimefunikwa na gegedu laini inayoteleza. Gegedu hiyo ikilika, mfupa husagana na mfupa, na hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Hatusemi kwamba kila nyonga mbovu imeharibiwa na kazi. Wapo waliovunjika paja katika ajali wasitibiwe vizuri. Wapo wenye ugonjwa wa selimundu, ambao damu yao hushindwa kufika katika kichwa cha mfupa, nacho kikafa. Pombe nyingi ya miaka mingi huleta madhara kama hayo, na vilevile dawa za jamii ya steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu. Nchini Malawi, ambako daftari la taifa la viungo vya bandia lilianzishwa mwaka 2005, kufa kwa kichwa cha mfupa ndiko kulikoonekana kuwa sababu kubwa ya wagonjwa kubadilishiwa nyonga.

Lakini kazi nzito nayo imo, na jambo hili limekwisha kuthibitishwa. Mwaka 1992 watafiti wa Uingereza waliandika katika jarida la madaktari la BMJ kwamba ugonjwa wa nyonga kulika ni ugonjwa wa kazi kwa wakulima. Ikiwa mkulima wa Uingereza, mwenye trekta, nyonga yake hulika, tuseme nini juu ya mtu anayebeba mzigo kichwani na kupanda nao ubao wa lori?

TIBA ILIYOPITIA KARAKANANI

Tunapenda wafanyakazi waijue historia ya tiba hii, maana na sisi tumo ndani yake. Daktari aliyeifanikisha ni John Charnley, wa hospitali ya Wrightington katika jimbo la Lancashire, Uingereza. Mwanzoni alitengeneza vikombe vya nyonga kwa plastiki iitwayo Teflon. Wagonjwa walifurahi sana, lakini baada ya miaka michache vikombe vililika, ikabidi wapasuliwe tena ili vitolewe.

Mwaka 1962 mchuuzi mmoja alifika hospitalini na plastiki ya namna nyingine, polietilini ngumu, iliyokuwa ikitumika kutengenezea magurudumu ya meno ya mashine za kufumia nguo katika viwanda vya Lancashire. Charnley hakuijali. Fundi wake wa karakana, Harry Craven, ndiye aliyeiweka katika mashine ya majaribio, ikazunguka mchana na usiku. Baada ya wiki tatu ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon inavyolika kwa siku moja. Mwezi Novemba mwaka huo huo Charnley akaanza kuwawekea wagonjwa vikombe vya plastiki hiyo. Nyingi ya nyonga za bandia zinazowekwa leo zina kikombe cha plastiki ya jamii ile ile, iliyoboreshwa.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba hii ni tiba ya mabwana wakubwa. Ilitoka katika kiwanda cha nguo na ikapita mikononi mwa fundi.

MGONJWA ATARAJIE NINI

Nyonga kuuma si sababu ya kukimbilia kupasuliwa. Kwanza daktari atajaribu dawa za maumivu, mazoezi, mkongojo, na kupunguza uzito wa mwili kwa aliye mnene. Hapa tunawaonya wenzetu wanaomeza vidonge vya maumivu vya dukani kila siku mwaka mzima: vidonge hivyo huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Hayo yote yakishindwa, na maumivu yakamnyima mtu usingizi na mwendo, ndipo inapofaa kuzungumza habari ya kubadilisha.

Kabla ya kupasuliwa mgonjwa hupimwa damu, moyo, sukari na shinikizo la damu. Jino bovu au kidonda hutibiwa kwanza, maana wadudu wanaotoka huko huweza kufika katika kiungo kipya. Anayevuta sigara huambiwa aache. Kuwa na virusi vya Ukimwi peke yake hakumzuii mtu kupasuliwa, mradi anatumia dawa zake na afya yake imekaa sawa.

Kazi yenyewe huchukua saa moja mpaka mbili hivi. Mgonjwa hulazwa usingizi, au hupigwa sindano ya ganzi mgongoni asisikie kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Daktari hukata kichwa cha mfupa kilichoharibika, huchonga kikombe na kuweka kipya, kisha huingiza chuma ndani ya mfupa wa paja, na juu yake mpira wa chuma au wa kauri. Vyuma vingine hushikizwa kwa saruji maalum ya mifupa. Vingine mfupa wenyewe huota na kuvishika.

Watu wengi hudhani kwamba baada ya hapo mtu hulala kitandani miezi. Sivyo. Siku hiyo hiyo au ya pili yake mgonjwa husimamishwa na kuanza kutembea kwa magongo, maana kulala tu huleta damu kuganda miguuni, na damu hiyo ikipanda mpaka mapafuni huweza kuua. Kwa sababu hiyo hupewa pia dawa ya kuzuia damu kuganda. Baada ya siku chache hurudi nyumbani.

Nyumbani kuna masharti, hasa wiki sita mpaka kumi na mbili za mwanzo. Wagonjwa wengi huambiwa wasikunje nyonga kupita kiasi, wasikae juu ya kigoda kifupi, wasikalie mkeka, wasipachike mguu mmoja juu ya mwingine. Choo cha kuchuchumaa ni hatari, kwa kuwa mpira huweza kuchomoka katika kikombe. Jamaa watengeneze kiti chenye tundu. Mwenye kuswali aswali akiwa amekaa juu ya kiti mpaka daktari atakapomruhusu vingine.

Tusifiche hatari zake. Hata katika hospitali zenye vifaa vyote, takriban mgonjwa 1 katika 100 hupata wadudu katika kiungo, na kuwatoa ni kazi ngumu. Mguu huweza kuzidi mwenzake kidogo. Kiungo pia huchakaa. Hesabu zilizotolewa mwaka 2019 kutoka madaftari ya Australia na Finland zinaonyesha kwamba katika nyonga 100, kiasi cha 89 zilikuwa hazijabadilishwa baada ya miaka 15, kiasi cha 70 baada ya miaka 20, na kiasi cha 58 baada ya miaka 25. Aina nyingine zilikuwa mbaya: mwaka 2010 nyonga za aina moja, za chuma kusuguana na chuma, zilirudishwa kiwandani dunia nzima. Kwa hiyo mgonjwa adai karatasi yenye jina na namba ya kiungo alichowekewa, aitunze kama anavyotunza kitambulisho chake.

DENI LA NANI?

Tiba hii haiko Ulaya tu. Inafanyika katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, inafanyika katika hospitali ya Kikuyu nchini Kenya, inafanyika Malawi. Kinachomzuia mwenzetu ni bei, ambayo inapita uwezo wa mshahara wa shambani.

Wenye mali watatuambia kwamba hawawezi kulipia uzee wa kila mtu. Tunawajibu kwa mfano. Uingereza, tangu mwaka 2005, ugonjwa wa nyonga kulika umo katika orodha ya magonjwa ya kazi kwa mkulima au kibarua wa shamba aliyefanya kazi hiyo kwa jumla ya miaka 10 au zaidi. Hakuna anayemwuliza ni gunia lipi lililomwumiza. Miaka yake ndiyo ushahidi wake.

Na juu ya mzigo wenyewe, Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Gunia la kahawa ni kilo 60. Gunia la mahindi ni kilo 90. Mwenye hesabu na ahesabu.

Kwa hiyo tunaviomba vyama vyetu, vitakapokaa mezani na waajiri, vidai mambo manne. Kwanza, mzigo upunguzwe, na palipo na mzigo mkubwa pawe na mkokoteni au mashine. Pili, sheria ya fidia ifunguliwe na kusomwa, na kama nyonga haimo katika orodha ya magonjwa ya kazi, iandikwe. Tatu, mfanyakazi anayechechemea apelekwe kwa daktari wa mifupa kabla ya kupewa barua yoyote. Nne, aliyebadilishiwa nyonga apewe likizo yenye mshahara mpaka apone, kisha apewe kazi nyepesi: stoo, mizani, ulinzi wa lango. Kumrudisha chini ya gunia ni kuivunja kwa mkono mmoja kazi ambayo daktari ameijenga.

Nasi wenyewe tuna wajibu. Tuache kuwacheka wenzetu wanaochechemea. Tuandike katika daftari la tawi jina la kila mwenzetu mwenye nyonga mbovu, kazi aliyofanya na miaka aliyoifanya, maana mwajiri husahau upesi na mdomo mtupu haushindi kesi.

Mchukuzi tuliyemsindikiza bado yumo katika orodha ya kungoja, na fedha hazijatimia. Mashine ya kiwanda chake ilipoharibika beringi, beringi mpya ilinunuliwa wiki ile ile.