TAHARIRI: KIWANJA CHA WASIOJIWEZA KITENGWE SASA

Ndugu wanakijiji, ndugu wanachama wa Ushirika,

Safari hii tunaweka kando habari za bei ya korosho, tuzungumze nyumba. Si nyumba zetu sisi wenye nguvu. Tunasema nyumba za wazee wasio na mtu, wajane, wasioona, wenye ulemavu na wagonjwa wa siku nyingi.

Tunaanza kwa kujikosoa. Mnakumbuka kimbunga Kenneth, tarehe 25 Aprili 2019. Redio ilitangaza tahadhari kwa mkoa wetu, tukaambiwa tutoke kwenye nyumba mbovu tukae mahali pa usalama. Tulitoka. Kila mtu alishika watoto wake, godoro lake na kuku wake, tukaenda zetu. Kimbunga kikapiga ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado, Msumbiji, sisi tukasalimika. Tuliporudi ndipo tukamkuta bibi mmoja wa huku chini kwenye minazi yuko palepale kitandani. Miguu ilikuwa haimbebi. Hakuna aliyempigia hodi, wala sisi wa Chama hatukumpigia hodi. Nyumba yake ya miti na udongo ilikuwa imeinama upande mmoja. Akatuuliza, "Wanangu, mlikwenda wapi?" Hatukuwa na jibu.

Bibi yule amekwisha kufariki kwa uzee wake, Mungu amrehemu. Lakini swali lake liko palepale, maana wapo wengine kama yeye, na vimbunga havijaisha. Mei 2024 tulitahadharishwa tena, kimbunga Hidaya.

Sasa jamani, kosa lilianzia wapi? Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na ikifika mwisho wa 1976 wakulima wote wawe vijijini. Vijiji vikapimwa. Ikawekwa njia, ikawekwa shule, zahanati, ghala na ofisi. Kila kaya ikapewa kiwanja. Kazi hiyo ilikuwa na mazuri yake na ilikuwa na machungu yake, wazee wetu wanayajua. Lakini kiwanja kile kilipimwa kwa mtu mwenye nguvu za kukata miti, kukandika udongo na kuezeka. Asiye na nguvu aliachiwa ukoo wake. Wakati ule ukoo ulikuwapo nyumbani. Leo mtoto yuko Mtwara mjini, mwingine yuko Dar es Salaam, na mjomba naye ni mzee. Anayebaki na bibi ni mjukuu wa darasa la tatu.

Na nyumba zetu mnazijua. Makuti hayakai miaka mingi, lazima uezeke upya. Mchwa anakula nguzo. Mvua zinapoanza Desemba hadi Aprili, udongo unadondoka ukutani. Kijana anapanda juu anaziba. Mama wa miaka 75 atapanda na nani? Boriti za mikoko nazo si za kukata ovyo, kwani tangu mwaka 2000 iko Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na mikoko hiyo ndiyo inayotukinga na mawimbi. Fedha za TASAF zinawasaidia kaya maskini, hatukatai. Lakini fedha zile zinaishia kwenye unga na madaftari ya watoto, ukuta haupandi.

Wengine wanasema, "Wapelekwe kwenye makazi ya Serikali." Ni kweli makazi ya wazee yapo nchini, kama Nunge huko Kigamboni, na mkoa wetu uliwekewa Mkaseka, wilaya ya Masasi. Tunashukuru, maana wamewapokea watu ambao hawakuwa na pa kwenda. Lakini kutoka Mtwara mjini hadi Masasi ni karibu kilomita 200. Mzee aliyezoea kusikia bahari na kusalimiwa asubuhi na wenzake, ukimpeleka kule umempa ukuta na bati, ila umemnyang'anya watu. Sisi tunasema nyumba imfuate mzee alipo.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo haya:

1. Kitengwe kiwanja katikati ya kijiji, karibu na kisima na zahanati. Kisiwekwe pembezoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukubali. Basi kauli ni yetu wenyewe. Tusichelewe, kwa sababu ardhi ya kandokando ya barabara inauzwa kila mwaka na mikorosho inapandwa hadi uani. Tukingoja, kitakachobaki ni bondeni kwenye maji.

2. Zijengwe nyumba ndogondogo, kila moja na mlango wake. Lisijengwe banda moja kubwa la kuwarundika watu. Mlango uwe mpana, baiskeli ya magurudumu matatu ipite. Kusiwe na ngazi. Choo kiwe hatua chache, na kamba ya kushika toka mlangoni mpaka chooni kwa asiyeona. Tofali tufyatue wenyewe, paa liwe la bati lililofungwa imara kwa ajili ya upepo.

3. Kila nyumba iwe na jirani mlezi, ambaye balozi wa nyumba kumi atamsimamia. Kazi yake ni kupiga hodi asubuhi na jioni, na siku ya hatari kuhakikisha mtu huyo ametolewa kwanza.

4. Chama cha Ushirika kikate shilingi 10 kwa kila kilo ya korosho, ikiwa mkutano mkuu wa wanachama utaridhia. Mwenye kilo 500 atatoa shilingi 5,000. Chama kikikusanya tani 100, inapatikana shilingi 1,000,000 kwa msimu. Ni za bati, misumari na saruji. Nguvu kazi itatoka kwetu. Hesabu ibandikwe hapa hapa ubaoni kila mwezi, kila mtu aisome.

Tumesikia manung'uniko. Mmoja anasema watoto watabweteka, watawatupa wazazi wao kijijini. Tunajibu kwamba mwenye mtoto ataendelea kuletewa chakula na mtoto wake, na balozi atauliza. Mwingine anasema nyumba zitaishia kwa ndugu wa viongozi. Huyo ana haki ya kuwa na wasiwasi, tumeyaona mambo. Ndiyo maana tunataka nyumba ziwe mali ya kijiji. Hazirithiwi, hazipangishwi, haziuzwi. Anayekaa akifariki, anaingia mwingine mwenye shida zaidi. Watakaochagua ni kamati ambayo nusu yake ni wanawake, na kiongozi mwenye ndugu anayeombewa nyumba atoke nje siku hiyo.

Wala hii si sadaka tu. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 11, inataja haki ya mtu kusaidiwa wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Na ushirika una misingi saba, wa saba ni kuijali jamii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafanya watu wakae kwa vikundi, wasikilize redio, wasome, kisha wachimbe vyoo kwa mikono yao. Kama waliweza, nyumba nne au tano zitatushinda?

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Wewe unayesoma ubao huu leo kwa macho yako, umekuja kwa miguu yako. Kesho hujui.

Tunawaomba nyote mfike kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji unaokuja, wanaume, wanawake na vijana. Mwenye jirani asiyeweza kutembea asimwache nyumbani, ambebe, naye aseme anataka kuishi wapi.

Ushirika ni nguvu.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji